Nusu ya Kofia

Mwishehe alikuwa fundi wa kudarizi kofia, Bagamoyo. Alipopata kiharusi, mikono yake ilibaki na nguvu. Lakini kila kofia aliishona upande wa kulia tu. "Nimemaliza," alisema, na ukimbishia alikasirika. Wateja wakaacha kuja.

Jioni mkewe, Ashatu, aliyezoea kumwita Mama Tatu, alikaa kushoto kwake, mahali pake tangu waoane. Akimsemesha, mumewe alijibu huku ametazama mlango wa kulia. Ashatu aliona mumewe amemchoka.

Walikula pamoja kwenye sinia, kila mtu mbele yake, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Siku moja Ashatu alimpakulia sahani yake peke yake. Mwishehe alikula nusu.

"Mama Tatu, siku hizi unanipunja."

"Na huo wali uliobaki ni wa paka?"

Mwishehe aliitazama sahani. Hakuuona wali. Ashatu akaenda jikoni, akalia.

Jirani yao Adila, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipoitwa aliigeuza ile sahani. Mwishehe akala wali wote. Adila alieleza kuwa macho ni mazima. Ubongo ndio umeacha kuushughulikia upande wa kushoto, na kila kilichopo kulia kinamvuta. Dar es Salaam, alisema, kuna watafiti wanaochunguza jambo hilo. Wakaenda.

Watafiti walimvua hirizi yake ya fedha, maana madini hayatakiwi karibu na mashine. Wakamwekea kifaa cha sumaku kichwani, kikagonga ta, ta. Mapigo yale husisimua ubongo kwa muda mfupi. Huku akitafuta kidoa kimoja kwenye kioo cha kompyuta, vidoa vingine vilitokea ili kumvuruga. Hivyo watafiti hujua sehemu gani ya ubongo hutuliza macho, na ipi huyaacha yavutwe.

"Nitapona lini?" Mwishehe aliuliza.

"Mzee, huu ni utafiti, si tiba. Tulikwambia kabla hujakubali."

Kweli waliambiwa. Hamu ya kupona iliwaziba masikio. Walirudi Bagamoyo, Ashatu akiona hakuna pa kukimbilia tena.

Adila hakuwadanganya. Alisema huenda Mwishehe asirudi alivyokuwa. Aliondoa redio, birika na mkasi upande wa kulia. Akashona uzi mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kitambaa cha kofia.

"Usiseme umemaliza mpaka uuone uzi."

Kofia ile ilichukua muda mrefu. Mishono ilipinda, lakini ilifika kwenye uzi.

Jioni Ashatu akajifunga uzi mwekundu mkononi, akakaa mahali pake. Mwishehe aligeuza shingo polepole, akitafuta. Akauona uzi, kisha mkono, kisha uso.

"Mama Tatu, umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu tuoane."