Themanini na Saba kwa Mia

Kikohozi cha Phakiso tulikizoea kijijini. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajawasha moto, kilisikika kikitoka nyumbani kwake. Waliotaka kuamka mapema hawakuhitaji jogoo.

"Ni moshi," alisema Phakiso kila alipoulizwa. "Nyumba zetu zina moshi."

"Kiangazi napikia nje, na bado unakohoa," alijibu mkewe, Malineo.

"Basi ni vumbi la mgodini. Hebu niache ninywe uji wangu."

Phakiso alichimba dhahabu Afrika Kusini miaka mingi, kama wanaume wengi wa Lesotho wa rika lake. Sasa alikuwa amerudi nyumbani milimani. Kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo wachache na kulea mjukuu mmoja. Mjukuu huyo aliitwa Rethabile. Mama yake, Lineo, alishona nguo kiwandani, mjini Maseru. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na alimpenda babu yake kupita watu wote. Mchana alipanda mgongoni kwake. Usiku alilala ndani ya blanketi lake, kifua kwa kifua. Hatukuona ubaya. Nani angeona ubaya, babu akimpenda mjukuu?

Majira ya baridi, gari la afya likaja. Lilikuwa na mashine ya kupiga picha ya kifua, na kompyuta ya kusoma picha hiyo. Puseletso, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu, hasa wazee wa migodini. Phakiso akaenda na rafiki yake Khiba, ambaye walichimba naye shimo moja.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu wa mbali atatucheka bure. Wachimba migodi wetu wanaijua picha ya kifua tangu ujana wao. Kila walipotaka kurudi kazini, walipigwa picha. Kifua kikiwa kizuri, umepasi, panda basi uende. Kikiwa kibaya, umefeli, rudi kwenu ukale mawe. Kwa hiyo kwao picha ya kifua ni mtihani, tena unatisha kuliko ule wa shule.

Khiba alitangulia. Alitoka uso umemshuka.

"Nimepata tisa," alisema. "Tisa kwa mia, ndugu yangu."

Phakiso alimshika bega. Akaingia yeye. Kompyuta ikaisoma picha yake kwa muda mfupi tu. Kijana wa mashine akamwambia, "Ntate, umepata themanini na saba kwa mia. Nenda pale kwenye hema ukamwone nesi."

Ntate ni baba. Huku kwetu hatumwiti mtu mzima jina tupu.

Phakiso hakusikia habari ya hema. Alisikia themanini na saba. Shuleni hakuwahi kupata hata hamsini! Akachungulia kioo cha kompyuta, akaona picha ya kifua chake ina doa jekundu upande mmoja. Akaamua kwamba hiyo ni damu safi. Akatoka moja kwa moja hadi nyumbani, akikohoa na kucheka.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Phakiso hakuyaficha ya kwake. Aliyatangaza kijiji kizima, akidhani ni sifa. Kesho yake akachinja kondoo. Majirani wakaja kula na kumpongeza, na Malineo akapiga vigelegele. Khiba peke yake hakuja. Alikuwa amelala, kageukia ukuta, anamwelekeza mkewe ng'ombe wa kuchinja siku ya mazishi yake.

Nyama ilikuwa bado jikoni Puseletso alipofika. Alikuwa ametembea haraka, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Ntate Phakiso, nesi alikungoja hemani mpaka jioni. Ulikwenda wapi?"

"Kwani hukusikia? Nilipasi! Kaa ule nyama. Kama unatafuta wagonjwa, nenda kwa Khiba. Maskini kapata tisa."

Puseletso hakukaa. "Nani alikwambia ule ni mtihani?"

"Kijana wako mwenyewe. Kasema nimepata themanini na saba."

"Ntate, namba ile haipimi uzima. Inapima shaka. Kompyuta inashuku kwamba una kifua kikuu. Kwa Khiba shaka ni ndogo. Kwako ni kubwa."

Majirani waliokuwa uani wakageuka. Kuna mtu aliacha kutafuna.

"Kompyuta ni daktari?" aliuliza Phakiso. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Si daktari. Wataalamu waliionyesha picha za vifua, maelfu kwa maelfu. Hiki cha mgonjwa, hiki cha mzima. Ikajifunza kuona dalili ndogo ndogo. Watafiti wameijaribu katika nchi nyingi, wakaona inasaidia kuchuja watu mahali kama hapa, ambapo hakuna daktari wa kusoma picha. Lile doa jekundu linaonyesha mahali inapopatilia shaka."

"Na haikosei?"

Puseletso angeweza kudanganya, na kazi yake ingekuwa rahisi. Nampenda kwa sababu hakudanganya.

"Inakosea," alisema. "Tena watafiti wameona inababaika zaidi kwa watu wa migodini. Vumbi la miamba linaacha makovu kifuani. Kompyuta inaweza kuona kovu la zamani ikadhani ni ugonjwa wa leo."

"Ahaa!" Phakiso alipiga goti lake. "Si ndiyo hilo! Ni kovu! Malineo, pakua nyama."

"Pengine ni kovu," alisema Puseletso. "Pengine si kovu. Mbwa wako akibweka usiku zizini, unafanyaje?"

"Natoka na tochi."

"Kwa nini? Pengine ni shemeji yako tu anatoka kunywa pombe."

Watu walicheka kidogo. Phakiso hakucheka.

"Kompyuta imebweka, Ntate. Tochi ni makohozi yako. Unatema kwenye kikopo, tunapima, tunajua. Mbwa akinyamaza pia hatulali fofofo. Khiba naye akianza kukohoa zaidi ya wiki mbili, lazima arudi apimwe."

Malineo aliinuka ghafla, akanyakua sahani iliyokuwa mbele ya mumewe. Rethabile alikuwa amekula kutoka sahani hiyohiyo.

"Acha sahani, mama," Puseletso alimwambia. "Ugonjwa huu haupiti kwenye sahani wala kijiko. Unapita hewani. Mtu akikohoa, vijidudu vinatoka, aliye karibu anavivuta. Mtoto mdogo ndiye anayeumia haraka." Akamgeukia Phakiso. "Anayelala kifuani kwako ni nani?"

Wakati huohuo Rethabile alikuja akiyumba kwa miguu yake mipya, mikono mbele, anamfuata babu yake kama kawaida. Phakiso alinyosha mikono kumpokea. Kisha mikono ikasimama hewani. Akairudisha mapajani. Mtoto akaanza kulia, na Phakiso akatazama chini. Tulioona tuliumia.

"Malineo, mchukue," alisema. Akavaa kofia yake. "Hilo hema bado lipo?"

"Lipo kwa chifu mpaka kesho," alisema Puseletso.

"Twende."

Majibu yalirudi baada ya siku chache. Halikuwa kovu tu. Vijidudu vya kifua kikuu vilikuwamo, lakini dawa za kawaida zingeviweza. Nesi alimweleza Phakiso kwamba dawa ni za bure, kwamba atazimeza kwa miezi sita, na kwamba asiache hata akijisikia mzima. Malineo akapimwa, hakuwa na ugonjwa. Rethabile akapimwa, naye hakuwa nao. Hata hivyo wote wawili walipewa dawa ya kinga, kwa sababu walikuwa wamevuta hewa moja na mgonjwa.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Phakiso alilala peke yake katika nyumba yao ya pili, dirisha wazi, na theluji iko mlimani. Mtoto alisimama mlangoni akimwita. Phakiso alivuta blanketi mdomoni, akamwimbia kutoka ndani. Khiba alikuja kila asubuhi kumkumbusha kumeza dawa. Alikuwa ameinuka kitandani siku ileile Puseletso alipomweleza maana ya tisa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nyama ya kondoo imebaki.

Kikohozi kilipungua. Nesi akaruhusu mtoto amkaribie babu yake tena. Siku moja Puseletso alimkuta Phakiso akiota jua.

"Ntate, bado inaniuma," alisema Puseletso. "Tungekupoteza kwa neno moja. Hilo 'umepata'."

"Ni neno la shule," alisema Phakiso. "Na la mgodini. Ukimwambia mchimbaji amepata, lazima afurahi."

"Sasa tusemeje?"

"Namba ibaki kwenu," alisema Phakiso. "Sisi tuambieni mashine ina shaka. Shaka ndogo, shaka kubwa. Hakuna mtu anayechinja kondoo kwa ajili ya shaka."

Puseletso alilipeleka neno hilo kwa manesi. Wakalikubali.

Gari lilirudi mwaka uliofuata. Phakiso alikuwa amemaliza dawa, amepimwa tena, na amepona. Hakuna aliyemwomba, lakini alikaa kwenye kigoda karibu na hema tangu asubuhi.

Akaja mwanamke kijana kutoka ng'ambo ya bonde, mtoto yuko mgongoni, kafungwa ndani ya blanketi. Alipigwa picha. Kijana wa mashine akamwambia, "Mama, mashine ina shaka kubwa na kifua chako. Bado hatujui. Tunaomba makohozi tuhakikishe."

Mwanamke hakupiga vigelegele. Alifungua blanketi, akamshusha mtoto wake. Akaangaza huku na huku, akitafuta wa kumpokea.

Phakiso alinyosha mikono yote miwili.

"Nipe mimi," alisema. "Vikopo viko pale. Nenda katemee kule kwenye upepo."