Dirisha Lisilokuwepo

Kila asubuhi Rukiyo alifagia ua, akachota maji, kisha akaketi mlangoni na rula yake. Mjomba wake, Adow, alikuwa likizoni kutoka chuo cha ufundi Nairobi, alikosomea kuchora ramani za majengo. Alikuwa amemwambia, "Pima nyumba yenu, uchore ramani yake." Rukiyo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo ilimkolea kuliko chakula.

Lakini Garissa ya mwaka 1966 haikuwa mahali pa kutembea na karatasi ovyo. Shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, walikuwa vichakani, askari barabarani, na raia walibanwa katikati. Watu waliongea kwa kunong'ona hata majumbani mwao.

Siku moja Rukiyo na Adow walisimamishwa na askari wakitoka sokoni kurudi nyumbani, mtaa wa Galbet. Sajini alitoa karatasi kwenye kikapu cha Rukiyo, akaikunjua.

"Nini hii?"

"Ramani, afande."

Laiti angesema picha ya nyumba! Kwa sajini, ramani ilikuwa ya njia, visima na kambi.

"Ramani? Unampelekea nani?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha," Adow akadakia.

"Kumbe ni wewe! Panda lori!"

Rukiyo akamshika mjomba wake mkono. Kulow, jirani yao muuza maziwa, alipandishwa lori kama hilo, na hakuonekana tena.

"Afande, ni nyumba yetu! Iko pale tu! Njoo uone!"

Sajini alisita, kisha akaamuru Adow ashikwe, wakafuatana. Hawo, mama yake Rukiyo, alipowaona alishika kichwa. "Wallahi, afande, huyu ndugu yangu! Yeye mwanafunzi tu!"

Sajini alizunguka nyumba, karatasi mkononi. Mlango ulikuwepo. Ukuta wa kati ulikuwepo. Jiko pia. Rukiyo akaanza kupumua. Ndipo sajini akasimama mbele ya ukuta wa mashariki, udongo mtupu.

"Na dirisha hili liko wapi?"

Uongo ulimjia Rukiyo mdomoni: aseme lilizibwa mwaka jana. Akamtazama mjomba wake, ameshikwa ukosi.

"Hakuna dirisha, afande," akasema, machozi yakimtiririka. "Niliona aibu kwamba nyumba yetu ina giza. Nikalichora ili mjomba anisifu."

Sajini alipitisha kiganja ukutani, juu hadi chini. Hapakuwa na alama ya tundu wala kiraka. Akamrudishia karatasi.

"Ungenidanganya kwamba lilizibwa, ningemchukua. Mwachilieni!"

Askari walipoondoka, Adow aliketi sakafuni. Hakumfokea mpwa wake.

"Abti," akamwita, kama mjomba na mpwa wanavyoitana kwao, "fundi hamwulizi mchoraji maneno. Anafuata mstari. Nikichora nguzo isiyokuwepo, paa litawaangukia watu wasionikosea. Kilichopo kichore kwa mstari kamili. Unachokitamani kichore kwa nukta, watu wajue bado hakijajengwa."

"Nami nataka kuwa mchoraji, abti. Bado nafaa?"

"Unafaa. Kuchora vizuri utafundishwa chuoni, lakini kusema kweli wakati umeshikwa na hofu hakuna mwalimu atakayekufanyia. Leo umesema kweli, ndiyo maana niko hapa. Haya, chukua raba."