Kwenda Imetulia, Kurudi Inacheza

Kila Jumamosi, Nekoye alipoamka na kumfuata baba yake kazini, alimkuta amekwisha kuizunguka trela. Wabwile hakuwa mtu wa kuliamini gari eti kwa sababu jana lilimfikisha salama. Aligonga kila tairi kwa rungu na kusikiliza. Alikaza nati. Alikishika kile chuma kinachofunga trela nyuma ya pikapu, akakitikisa kwa mikono miwili kana kwamba anataka kuking'oa. Mwisho, kabla ya kuifunga trela, aliinua kidogo pua ya trela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, akaguna kwa uzito, kisha akasema, "Ehe, hapo sawa." Hakuna aliyemsimamia. Ndivyo alivyokuwa.

Kwa Nekoye, msichana wa gredi ya saba, hapakuwa na dereva kama baba yake kutoka Kitale hadi Bungoma. Ukimbishia, mngegombana.

Trela yenyewe ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu, yenye mlango na madirisha, na ndani mlikuwa na vifaa vya kupima macho. Mwenyewe alikuwa Daktari Sumitra, ambaye watu wake wamekaa Kitale tangu enzi za babu yake. Mama huyu, jamani, angeweza kutulia katika kliniki yake mjini akisubiri wenye uwezo. Badala yake, kila Jumamosi alipanda pikapu pamoja na Wabwile na Nekoye, wakaivuta trela mpaka Bokoli, akawapima wazee macho bila malipo. Alikuwa na sharti moja tu.

"Hatupokei zawadi," alisema. "Leo huyu akileta kuku, kesho yule asiye na kuku ataona aibu. Atabaki nyumbani na macho yake mabovu."

Sharti zuri sana. Lakini Daktari alikuwa ndani akipima macho. Aliyesimama nje na Kukhu Nanyama alikuwa Nekoye.

Kukhu, yaani bibi, ndivyo walivyomwita kizee huyu wa Bokoli ambaye kwa muda mrefu aliwatambua wajukuu wake kwa sauti tu. Siku alipovishwa miwani, alimshika Nekoye mashavu, akamkagua. "Kumbe wewe ni mrembo hivi, na mimi nilikuwa nakuita kijana!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jumamosi iliyofuata akaja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Daktari amekataza, Kukhu," Nekoye alimwambia.

"Ati amekataza? Daktari tumwachie sheria yake. Wewe si ni mtoto wetu? Unarudisha mkono wa kukhu wako?"

Nekoye angesema nini? Kwao, kumrudishia mzee zawadi ni sawa na kumtukana mbele za watu. Akaupokea mkungu. Kazi yake ilikuwa kupanga mablanketi na kufunga kabati kubwa lililo nyuma kabisa ya trela, kwa hiyo aliutia humo, akaufunika. Wengine waliona. Jumamosi baada ya hapo zikaja ndizi na viazi vitamu, halafu maboga na njugu juu yake. Kabati likameza vyote.

Na nyumbani? Hapo ndipo msichana alipoonyesha ujanja. Alimwambia mama kwamba baba amenunua vitu Bokoli. Mama akapika. Baba akala na kumsifu mama kwa kujua kuchagua viazi sokoni. Mama alidhani anataniwa, akatabasamu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, na Nekoye akala akiwa ameinamia sahani.

Lakini trela ilianza kusema. Jumamosi ya kwanza ya ndizi, walipokuwa wakirudi, ilitikisika kidogo. Jumamosi ya pili ikatikisika zaidi. Jumamosi ya tatu walikuwa wakishuka mteremko wa kuelekea daraja la Kamukuywa, lori la miwa likawapita kwa kasi. Trela ikavutwa kushoto. Ikarudi kulia, ikazidisha. Ikaenda tena kushoto, ikazidisha zaidi. Pikapu ikawa kama mbwa anayetikiswa na mkia wake mwenyewe.

"Breki! Kanyaga breki!" Daktari Sumitra alipiga kelele.

Wabwile hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani ukiwa umenyooka, na hakushindana na trela upande wowote. Aliiacha pikapu ipunguze mwendo yenyewe. "Nikikanyaga breki sasa, Daktari, trela itatupita," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Mtikisiko ukapungua, ukapungua, mpaka ukaisha. Ndipo alipoegesha kando ya barabara, mahali palipo tambarare. Moyo wa Nekoye ulijaa fahari. Huyo ndiye baba yake!

Fahari hiyo haikudumu. Daktari Sumitra alishuka, akavuta pumzi, akasema kwa upole, "Mzee Wabwile, hii ni mara ya tatu, na kila mara ni wakati wa kurudi. Nisamehe, lakini lazima niulize. Jioni unakuwa na haraka? Umechoka? Maana kama ni hivyo, itabidi nitafute dereva mwingine. Siwezi kuchezea maisha ya watu."

Nekoye aliona shingo ya baba yake ikikaza. Mtu mwingine angewaka. Wabwile alivua kofia tu.

"Una haki ya kuuliza, Daktari. Nipe nafasi nitafute kwanza. Kwenda imetulia, kurudi inacheza. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile. Kuna kitu kinachobadilika."

Akaanza kutafuta, jambo moja baada ya jingine, bila kuruka. Alipima upepo wa matairi yote: ulikuwa sawa. Alikaza nati: hakuna iliyolegea. Aliinua kila gurudumu kwa jeki, akalitikisa, asikie kama linacheza: halikucheza. Akakagua kile chuma cha kufungia: kilikuwa kizima. Kisha alirudi nyuma hatua kadhaa, akachutama, akaitazama trela kwa ubavu.

"Hebu njoo uone, Daktari. Pua imeinuka."

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akaifungua trela, akaishika pua yake. Asubuhi ilikuwa imemfanya agune. Sasa iliinuka kwa mkono mmoja.

"Mzigo umekaa nyuma," akasema, na uso ukamng'aa kidogo. "Trela ikiwa nzito mkiani, haimsikii anayeivuta. Upepo wa lori ukiigusa tu, inaanza kuyumba. Lakini vifaa vyote nimevipanga mwenyewe, viko palepale." Akageuka. "Nekoye, kabati la nyuma lina nini?"

Nekoye alifungua mdomo. Alimwona Daktari amesimama pale na sharti lake.

"Hakuna kitu, Baba," akasema. "Mablanketi tu."

"Tufungue tuone," Daktari alisema.

"Hakuna haja, Daktari. Huyu nimemlea mimi. Akisema hakuna, hakuna."

Wabwile alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, hata baada ya mikono kukauka. Kisha akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni.

"Basi kila kitu nimeangalia. Kilichobaki ni dereva. Labda hata mkono wangu unanidanganya siku hizi. Piga simu Kitale, Daktari, watume mtu mwingine atufikishe." Akamnyooshea ufunguo.

Daktari hakuwa na haraka ya kuupokea, lakini mkono wake ulianza kuinuka.

Aibu ilimchoma Nekoye. "Baba, usimpe!" akalia. "Kuna ndizi! Kuna viazi, na maboga, na njugu! Ni mimi nimeficha. Si wewe, Baba. Ni mimi!"

Alikimbia mwenyewe akafungua kabati na kuvuta mablanketi. Mikungu miwili ilitokeza. Gunia la viazi. Maboga, kila moja kubwa kuliko jirani yake. Daktari Sumitra alishika kiuno. "Hili si kabati, ni soko!"

"Na zile za Jumamosi zilizopita?" Wabwile aliuliza.

"Tulikula," Nekoye alijibu kwa sauti ndogo. "Wewe ulidhani mama amenunua. Mama alidhani ni wewe."

Daktari alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka akiegemea trela. Wabwile hakucheka. Aliinua gunia, akalipeleka mbele. Walihamisha vitu vyote wakavilaza sakafuni, vile vizito juu ya magurudumu na kusogea mbele kidogo, wakavifunga kwa kamba visihame. Wabwile akaishika tena pua ya trela. Safari hii aliinama, akajikaza, akaguna.

Walivuka daraja pole pole. Walipokaribia Kiminini, lori jingine likawapita kwa kishindo. Nekoye alifumba macho. Trela ilitikisika mara moja, ikatulia, ikafuata.

"Mzee Wabwile," Daktari alisema, "nilikushuku mbele ya mwanao. Basi na mbele yake nakuomba radhi." Kisha akamgeukia Nekoye. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi huwaambia wagonjwa wangu kila siku: nikifichwa nusu ya ugonjwa, nitatibu nusu isiyouma. Sasa Kukhu Nanyama utamwambia nini?"

"Ukweli," Nekoye alijibu.

Na alimwambia kweli, Jumamosi iliyofuata, huku amepiga magoti. Kukhu Nanyama alinuna, akasonya, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Ati tungewaua na ndizi zetu? Haya. Leteni sufuria kubwa!" Viazi vikachemshwa palepale, na kila aliyekuwa kwenye foleni, mwenye zawadi na asiye nayo, akapata cha kutafuna. Daktari mwenyewe alikula vitatu.

Jioni, kabla ya kuondoka, Wabwile alikwenda nyuma ya trela, akafungua kabati, akachungulia, akafunga. Nekoye alimwona. Alimuuliza walipofika mteremko wa Kamukuywa, trela ikiwa imetulia nyuma yao na Daktari amesinzia dirishani.

"Baba, bado umekasirika?"

"Si kwa sababu ya ndizi," Wabwile alisema, macho barabarani. "Ndizi hazina kosa. Ungeniambia zipo, ningezipanga mahali pake, tungefika. Kilichokaribia kutuangusha ni yale maneno mawili, 'hakuna kitu'. Jibu nilikuwa nalo mkononi, mwanangu. Nililitupa kwa sababu nilikuamini wewe kuliko mkono wangu. Ndivyo uongo unavyofanya. Humwumiza zaidi yule anayekuamini."

Nekoye alijifuta machozi kwa kiganja.

"Leo nimefungua lile kabati kuangalia mwenyewe," baba yake aliendelea. "Sikufurahi kulifungua. Jumamosi ijayo nataka nikuulize tu, unijibu, na mimi niwashe gari twende."

"Uliza, Baba," Nekoye alisema. "Nitakujibu kilichomo."