Solo Niliyompa Otso

"Saimi, usinikazie macho hivyo mbele za watu. Cheka kidogo, leo ni siku yetu."

"Yetu au yako?"

"Dhahabu yangu, tafadhali. Si hapa."

Otso alivaa mkanda wa gitaa begani, akageuka kuwatazama watu. Walikuwa kama sitini, wamejibana katikati ya magitaa ya duka letu hapa Tampere, Finland, wengine wamekaa sakafuni na vikombe vyao vya kahawa. Ilikuwa saa nane mchana, Jumamosi. Mimi ni fundi wa duka hilo. Otso ni mchumba wangu, na harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki nne, siku ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi.

Watu walikuja waonyeshwe jinsi alivyopiga solo ya wimbo mpya wa bendi yake, ile ambayo redio zilikuwa hazichoki kuipiga.

Hakuipiga yeye. Niliipiga mimi.

Januari aliteleza kwenye barafu, akateguka kifundo cha mkono siku mbili kabla ya kukamilisha albamu. Tulikuwa wawili tu katika handaki la kujikinga na mabomu chini ya jengo, bendi yake inapofanyia mazoezi. "Nipigie wewe," aliniomba. "Nitawaambia wenzangu kabla albamu haijatoka." Nikampigia. Nilipokuwa narekodi, yeye alikuwa sokoni Tammelantori akinunua soseji nyeusi.

Albamu ikatoka na jina lake. Nikamuuliza. Akasema, baada ya tamasha. Tamasha likapita, akasema, baada ya harusi. Katikati ya hayo akaenda redioni kusimulia kwamba solo ile aliitunga kwa machozi, akinifikiria mimi. Mama yake akanitumia ujumbe:

"Una bahati, msichana. Baba yake Otso hajawahi kuniambia hata kwamba supu ni tamu."

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilimwambia, sema leo, au sijui tunaoana kwa lipi. Akanishika mikono yote miwili.

"Leo nitasema. Naapa."

Ndiyo maana nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana yangu, namkazia macho.

Aliyekuwa akimhoji ni Tyyne, mpiga gitaa mkongwe. Sikio lake la kushoto limekufa kwa kelele za miaka arobaini, la kulia linasikia hata uongo.

"Haya, Otso. Solo hii ilitoka wapi?"

Otso alinitazama.

"Ilitoka kwenye uchungu, Tyyne. Nilikuwa peke yangu kabisa."

Peke yake.

"Basi tuonyeshe."

Akapanga vifaa vyake sakafuni. Gitaa likaingia kwenye wah, lile kanyagio la mguu linalolifanya gitaa lifumbue na kufumba mdomo. Wah ikaingia kwenye kisanduku cha mkwaruzo, kinachoichafua sauti mpaka ing'ate. Kisanduku kikaingia kwenye amplifaya. Ndivyo karibu kila mtu anavyopanga. Ukipanga hivyo, gitaa linaongea kama mtu mwenye kilio kooni. Ni sauti nzuri, ila si ile ya kwenye albamu. Mimi nilipanga kinyume: sauti ichafuliwe kwanza, kisha wah iimeze yote kwa pamoja. Hapo gitaa haliongei tena. Linavuma, kama theluji inayoporomoka kutoka kwenye paa la bati.

Otso hakulijua hilo. Hakuwepo, na kwa miezi minne hakuwahi kuniuliza.

Akapiga. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Tyyne akainamisha sikio lake zima.

"Vidole ndivyo. Sauti siyo."

"Labda amplifaya ina mafua!" mtu mmoja akadakia. Wakacheka.

Otso akainama, akajifanya anakaza nyuzi, huku akiandika kwenye simu yake. Simu yangu ikatetemeka.

"Sauti ile haitoki. Uliifanyaje? Haraka."

Nikajibu: "Uliapa."

"Nisaidie, nakuomba. Nitasema baada ya harusi."

Nilimpenda mwanamume yule. Maneno matatu tu yangemwokoa: geuza waya zako. Niliandika mawili. Kabla sijamaliza, Tyyne akauliza:

"Hebu tuambie, ulipokuwa unarekodi, wah uliiweka kabla ya mkwaruzo au baada?"

"Kabla," Otso akajibu bila kusita. "Mimi siku zote naweka kabla."

Nikafuta maneno yangu. Nikatoka karakana, nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti miguuni pake.

"Saimi, unafanya nini?" alinong'ona.

"Kazi yangu. Mimi ni fundi."

Nikachomoa waya, mkwaruzo nikautanguliza, wah nikaiweka nyuma. Kisha nikasimama na kunyoosha mkono.

"Nipe gitaa."

"Tafadhali."

"Nipe, Otso."

Akanipa. Nikapiga solo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mguu wangu ukiikandamiza wah polepole kama nilivyofanya Januari. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Tyyne hakuniuliza mimi. Alimgeukia Otso.

"Nani alipiga kwenye albamu?"

Otso alitazama viatu vyake.

"Yeye."

Baadaye alinifuata karakana, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenivua nguo mbele za watu. Ungesubiri tuongee nyumbani."

"Nyumbani tumeongea miezi minne."

"Niliogopa, Saimi. Bila solo ile mimi ni nani kwenye bendi?"

"Ungekuwa mtu wangu. Ilikuwa inanitosha."

Nilitaka kumshika shavu, nikajizuia.

"Mama ameshaweka nafasi kanisani," akasema. "Bado tunaweza kuoana. Mimi nitasamehe yote. Niombe radhi tu. Waandikie wenzangu kwamba ulipandwa na hasira, kwamba haikuwa mahali pake. Neno moja, na Juhannus tunasimama pamoja."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikavua pete, nikaiweka kwenye kisahani changu cha skrubu, nikakisogeza upande wake wa meza.

"Unamaanisha nini?" akauliza. "Saimi? Sema basi samahani!"

"Siombi radhi, Otso."