Pumzi Ndani ya Bomba

Tangu bomba liliponyamazishwa, samaki walihamia upande mmoja. Mwanvua aliwaona alfajiri, alipokwisha kusali na kusogeza pazia. Katika kila tangi la kioo walikuwa wamejibana kwenye kona iliyo mbali na bomba, vichwa vimeelekea ukutani, kama watoto walioadhibiwa.

Chumba cha samaki kilishikana na chumba chake cha kulala, hapo mtaa wa Katubuka, na kati yavyo palikuwa na mlango wenye pazia tu. Mumewe, Kasongo, alikuwa mzamiaji. Aliwakamata samaki wa mapambo kwenye miamba ya ziwa, akawatunza humo mpaka wanunuzi wa ng'ambo wawatake. Maji yalishuka kutoka matangi ya juu kwa bomba moja nene hadi tangi kubwa la chini, lenye mawe na sponji za kuyasafisha, kisha pampu ikayarudisha juu. Ujuzi wote ulikuwa kwenye koki ya bomba hilo. Ukiifungua sana, bomba linameza hewa na kukoroma. Ukiibana sana, maji yanapanda na kumwagika sakafuni. Kasongo alijua pa kuiacha. Na Kasongo alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, chini ya maji, mpira wa kupumulia ungali mdomoni mwake.

Mwanvua alikuwa ndani ya eda. Hakutoka nje, wala hakukaa na mwanamume asiye maharimu wake. Alikaa na sauti ya lile bomba. Kila lilipokoroma, alisikia mtu anayezama. Alivumilia, akashindwa, akamwita Meshack, aliyekuwa akibaki kwenye boti kuangalia injini iliyomsukumia Kasongo hewa kwa mpira kila alipozama. Walizungumza pazia likiwa katikati.

"Mwakeye, shemeji," Meshack alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Linyamazishe hilo, Meshack. Siwezi tena."

"Kweli linakoroma kuliko baba mkwe wangu. Linameza hewa kwa pupa tu. Nikilishushia kimpira kwa juu, litapumua taratibu."

Alisikia hatua zake, kisu kikikata, kisha pumzi ikivutwa na kupulizwa. Kila anayefanya kazi ya samaki hufanya hivyo: mpira huutia kwanza mdomoni, auvute na kuupuliza, ajue haukuziba. Halafu bomba likakatika kelele, na nyumba nzima ikatulia.

"Umetumia mpira gani?"

"Kipande cha ule wa marehemu. Ulikuwa unaning'inia bure msumarini."

Mwanvua alihisi vibaya. Lakini kimya kilikuwa kitamu, akakiacha.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, kimya kikaanza kupumua. Kilivuta. Kikasita. Kikaachia. Harufu ya moshi wa injini ikapenya pazia.

"Meshack, umo humo?"

"Niko uani, shemeji! Naosha nyavu!"

Na kweli sauti yake ilitoka uani. Iliyofuata ilitoka ndani ya bomba, ya chini, yenye maji.

"Mwanvu."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo ila Kasongo. Mwanvua akaketi sakafuni.

"Mwanvu. Meshack aliukunja mpira."

Kuanzia hapo hakumwangalia tena Meshack kama zamani. Alipoleta mafuta ya taa, Mwanvua aliyaweka kando bila kuyatumia. Alipocheka na majirani uani, Mwanvua alijiuliza ni mfiwa gani anayecheka hivyo. Alimchungulia mikono kupitia upenyo wa pazia, mikono mipana iliyojua kukunja kitu.

"Siku ile, mkono wako ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Kwenye injini, shemeji. Nimeshamweleza kaka wa marehemu mpaka ulimi umekauka. Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

Bomba lilikuwepo, likivuta, likisita, likiachia. Mwambie Feruzi, lilimwambia. Mwambie kaka yangu.

Feruzi alikuwa mkubwa wa Kasongo, mtu wa Buzebazeba, mwenye hasira za karibu. Mwanvua alijua kwamba akimwambia, Meshack hatafika kwake mzima. Alijua pia kwamba akinyamaza na ikawa ni kweli, atakuwa amekula na muuaji wa mumewe. Akaomba dua, akamtumia Feruzi habari ya sauti ile, lakini akamwomba aje na maalim wa madrasa ya Rusimbi.

Wakaingia chumba cha samaki kabla ya magharibi, Feruzi amemshika Meshack ukosi.

"Leo utatapika yote," alisema Feruzi. "Umekula chumvi ya mdogo wangu miaka yote hiyo."

"Kaka, naapa kwa Mungu..."

"Mungu yupi? Nyamaza!"

"Nyamazeni wote," maalim alinong'ona. "Sikilizeni."

Pumzi ilikuwa imeanza, na safari hii haikutoka bombani peke yake bali ilipita pia kwenye mawe ya tangi la chini, na kwenye vioo vilivyoanza kutetemeka, na kwenye pazia lililonyonywa kuelekea bomba kisha likasukumwa kumrudia Mwanvua usoni, na harufu ya moshi ikajaa mpaka macho yakawachoma, na ndani yake ile sauti aliyoipenda kuliko sauti zote ikasema kwa upole, Kaka, Meshack aliukunja mpira, niliuvuta mara mbili kumwita, hakuniangalia, Kaka, usimwache.

Feruzi akatoa kilio, mkono ukapanda kooni kwa Meshack.

"Maiti harudi kushtaki," maalim alinong'ona. "Huyo ni jini aliyeishi naye. Ameiba sauti."

Mwanvua akasimama nyuma ya pazia.

"Kama ni wewe, mume wangu, sema neno ulilolisema kila siku kabla ya kutia mpira mdomoni."

Wote walilijua. Kasongo hakuzama hata siku moja bila bismillahi.

Pumzi ikakatika. Maji yakapanda kwenye matangi. "Bi," lilisema bomba. "Bi... bi..." Maji yakafurika, yakamwagika miguuni mwao, yenye joto kama ya kuogea.

Mkono wa Feruzi ukamtoka Meshack shingoni. Maalim akasoma Ayatul Kursiyyu, akaushika ule mpira na kuuchomoa, nao ukatoka na mlio mrefu wa mtu anayenyimwa hewa. Meshack alikimbilia uani, akainama kutapika.

"Nani aliutia huu mdomoni?" maalim aliuliza huku akiukatakata.

Kutoka uani Meshack alisikika bado akitapika. Mwanvua alikuwa analia.

Bomba likarudi kukoroma. Mwanvua alimshukuru Mungu kwa kelele hizo, akakataza koki isiguswe. Samaki wakatawanyika tena.

"Nisamehe, Meshack," alisema nyuma ya pazia.

"Yamepita, shemeji."

Wiki hiyo, adhuhuri moja, Meshack aliketi kupumzika kwenye benchi karibu na mlango. Mwanvua akasogeza pazia kidogo. Bomba lilikuwa linakoroma vizuri. Lakini samaki walikuwa wamejibana tena, na safari hii si mbali na bomba. Walikuwa wamejibana mbali na benchi.

Chini ya kelele za maji alisikia kitu kikivuta. Kikasita. Kikaachia. Palinuka moshi wa injini.

"Meshack? Unaumwa?"

Benchi likalia. Vidole vipana vikashika ukingo wa pazia.

"Mwanvu," alisema Meshack.