Maji ya Nyuzi Themanini

Jumanne asubuhi Vuai aliweka beseni chini ya pampu, akatazama saa yake na kuhesabu. Tone moja kila sekunde nne. Kisha akamfunga Dalila, binti yake wa miaka saba, vifungo vya sare, akampandisha basi la shule. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Walikaa ghorofa ya nane, mtaa wa Sanyuanli, mjini Guangzhou, Uchina, katika nyumba iliyowahi kuwa gesti. Mwenye gesti alipofunga biashara aliacha boila yake ya mafuta katika kichumba kilicho kando ya bafu: pipa la chuma linalochoma dizeli, na pampu ya kusukuma maji ya moto. Mama mwenye nyumba alipoambiwa kwamba pampu inavuja alicheka kwenye simu, akamwita laoban, bosi, akamkumbusha kwamba yeye ndiye mhandisi. Ilikuwa kweli. Vuai alisomea mitambo chuo kikuu, Dar es Salaam, kabla ya kuingia kwenye kazi ya kusafirisha mizigo.

Saa nne alikuwa na pampu mpya mkononi. Kazi yenyewe ni ndogo: unazima boila, unangoja maji yapoe, unayatoa, unafungua skrubu nne, unabadilisha. Lakini kupoa kunataka saa tano, na kontena lake lilikuwa linafungwa saa tisa. Geji ilionyesha nyuzi themanini. Alivuta mpira wa maji kutoka kwenye boila hadi kwenye tundu la maji sakafuni bafuni, akafungua koki.

Maji yalipoanza kushuka, kitu kililia chini. Sauti fupi, nyembamba, kama ya paka mchanga. Alijiambia ni mvuke kwenye bomba. Saa saba pampu mpya ilikuwa inazunguka, kavu kabisa.

Safia asingefanya hivyo. Mkewe, aliyefariki miezi saba iliyopita, hakuwahi kumwaga hata maji ya tambi bila kuinamia tundu na kusema, "Bismillahi. Nipisheni, yanakuja maji ya moto," kisha kungoja kidogo. Kwao Unguja alilelewa hivyo. Vuai alimtania kwamba wenyeji wa mashimo ya huku hawajui Kiswahili.

"Miaka minne yote watakuwa wamejifunza," Safia alimjibu. "Wewe ndiye Kichina kimekushinda."

Vuai mwenyewe hakuwahi kuyatamka maneno yale. Hakuwahi kuhitaji. Maji ya moto yalikuwa mikononi mwa Safia, na tangu afariki chakula kilinunuliwa nje.

Jumatano alfajiri alilikuta beseni, alilolisahau chini ya pampu, limejaa. Alipitisha karatasi laini kwenye kila kiungio cha bomba, na kila mara ikatoka kavu. Ulikuwa msimu ule ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo hazikauki, kwa hiyo aliamua kwamba ni unyevu. Lakini maji yale yalikuwa na uvuguvugu, na yalinuka nywele zilizoungua.

Jioni Dalila alikataa kuoga. Alisimama ukumbini, taulo begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mle ndani kuna mama anambembeleza mtoto wake, na mtoto hanyamazi."

Vuai aliuliza ni mama gani.

"Simjui. Ameniuliza nalala upande gani."

Vuai alikaa kitini karibu na kitanda cha mtoto hadi kulipokucha, taa ikiwaka. Hakusikia kitu. Asubuhi kisigino cha Dalila kilikuwa na malengelenge, na kufikia adhuhuri yalikuwa yamefika gotini, yamepanda kwa mstari mmoja wenye upana wa mpira wa maji. Daktari aliandika kwenye simu yake, na simu ikatafsiri: nani amemmwagia mtoto huyu maji ya moto? Vuai akajibu hakuna. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, kisha akampa dawa ya kupaka.

Waliporudi walimkuta Swalha mlangoni. Alikuwa mdogo wake Safia, mfanyabiashara wa magauni, amekuja kununua mzigo katika maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu na alikuwa asafiri kurudi Unguja kesho yake. Aliufunua mguu wa mtoto, akautazama, kisha akaitazama pampu mpya.

"Shemeji, maji ya zamani uliyamwaga wapi?"

Alimwonyesha.

"Ulisema?"

Swalha alichukua ufunguo, akatoka, na baada ya alasiri akarudi na Mwalimu Abdulhadi, mtu wa Lamu aliyekuwa akinunua vifaa vya shule mtaa wa Yide Lu na ambaye Waswahili wa mji ule walimwita pale mgonjwa anaposhindikana.

Mwalimu aliagiza boila izimwe na waya wa pampu uchomolewe. Alikaa kizingitini mwa bafu, mtoto mapajani mwa Swalha nyuma yake, akaanza kusoma, polepole kwanza, na kadiri mwanga wa dirisha dogo ulivyofifia kuelekea magharibi harufu ya nywele zilizoungua ikazidi, ikashika mapazia na koo, na ukuta ukaanza kutiririka, si jasho tena bali mifereji, na Dalila akaanza kutetemeka bila kulia, na lengelenge moja likajitokeza juu ya goti lake, kisha la pili juu ya lile, wote wakiyaona, na ndipo pampu ile, isiyo na waya wala umeme, ilipozunguka mara moja, ikasita, ikazunguka tena, na ndani ya mzunguko wake mkawa na sauti ya mwanamke.

"Mkeo alikuwa akibisha hodi," ilisema. "Miaka minne. Tukamwamini. Tukawalaza watoto pale penye joto, kwa sababu tulijua tutaambiwa."

Mwalimu aliiambia kwamba ardhi ya Mungu ni pana, na mtoto huyu hana kosa.

"Wangu alikuwa na kosa gani? Nimeanza mguuni. Nikifika kichwani nitaondoka."

Vuai alisimama. Alisema aliyefungua koki ni yeye. Akaenda kwenye boila, ambayo ilikuwa bado haijapoa, akaweka mkono wa kushoto chini ya koki na kuifungua, akauacha pale hadi ngozi ikawa nyeupe. Swalha alifunika macho ya mtoto.

Pampu ilicheka.

"Wewe uko macho. Wangu alikuwa amelala."

Vuai akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kukubaliana siku ya kupakia mzigo, "Basi nitalala. Mwachie mtoto, nami nitalala palepale, koki uifungue wewe."

"Unaapa?"

"Naapa."

Pampu ikasimama. Mguuni mwa Dalila malengelenge yalinywea moja baada ya jingine, na kufikia isha ngozi ilikuwa safi, kama haikuguswa.

Kwenye ngazi Mwalimu alimfunga Vuai kitambaa mkononi bila kumtazama usoni.

"Hukuwa na ruhusa ya kuiahidi nafsi yako, Bwana Vuai."

"Nikiivunja ahadi?"

"Na yule mama atakuwa amefunguliwa." Alikaza fundo. "Na bahari haimzuii kumfuata mtoto."

Asubuhi yake, Ijumaa, Vuai alimwogesha Dalila kwa maji baridi. Alimkabidhi Swalha pasipoti ya mtoto, tiketi aliyoinunua usiku, na kanga mbili za Safia. Kwenye mlango wa metro, treni ya chini ya ardhi, alichutama.

"Ukimwaga maji ya moto, useme kwanza kama alivyokuwa akisema mama."

"Hata kama hakuna mtu?"

"Hata kama hakuna mtu. Na ungoje kidogo."

Swalha akamshika mtoto mkono, wakashuka.

Vuai alirudi juu. Alirudisha waya wa pampu, akawasha boila, akakaa mbele ya geji mpaka mshale ulipofika themanini. Akavuta mpira hadi bafuni, akatandika mkeka sakafuni, mto karibu na tundu, chini ya mdomo wa mpira. Hakuwa amelala kwa siku mbili. Kabla ya kujinyoosha aliinama, mdomo juu ya tundu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Bismillahi. Nipisheni, yanakuja maji ya moto."

Akangoja. Ndani ya bomba alisikia vishindo vidogo, vingi, vya miguu inayokimbilia chini.

Viliponyamaza vyote, alilala ubavu wa kulia, akafumba macho.