Doa la Kutu kwenye Gauni la Mkunga

Kwanza msichana aliona nukta moja tu, ndogo kama punje ya mtama, kiunoni mwa gauni jeupe. Alidhani ni mdudu. Akaipuliza. Haikuruka.

Kila Ijumaa baada ya masomo, msichana huyo alimsaidia shangazi yake, dobi wa mtaa, kuanika nguo. Za rangi zilianikwa popote. Nyeupe zilianikwa kwenye kamba, kwa vibanio, kamwe si kwenye waya wa uani uliojaa kutu. Lakini jana walichelewa, wote wawili wakawa wanaanika mbio mbio. Kamba ilikuwa upande wa pili wa ua. Kwa uvivu wa hatua kumi, msichana akalitupia gauni la mkunga kwenye waya.

Alipoligeuza, aliona mstari mzima wa rangi ya chai. Akachovya kitambaa kwenye klorini, akasugua, akasugua tena. Doa halikufifia. Lilizidi kukolea.

"Redio!" fundi cherehani wa jirani alimwita kutoka dirishani. Alimpa jina hilo kwa utani, maana mtoto huyo alikuwa haongei. "Leo unatutangazia nini?"

Shangazi alikuwa amekwisha kufika. Alilileta gauni karibu na uso, akalipeleka mbali, akalirudisha.

"Kutu," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe nimelianika kwenye waya! Basi macho yangu ndiyo yamekwisha. Dobi asiyetofautisha kamba na waya hafai kupewa nguo nyeupe."

Msichana alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainama kuokota vibanio.

Shangazi akakata ndimu, akachota chumvi. Alipoinama kukamua, mkono wake ukasimama hewani. Akanusa.

"Nani ametia klorini hapa?"

Msichana akaficha kitambaa nyuma ya mgongo.

"Mwanangu, hili si la kunyamazia. Klorini na ndimu havichanganywi. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua."

"Ni mimi," alinong'ona. "Nilitaka doa litoke."

"Klorini haiondoi kutu, inaikoleza. Lete maji."

Wakalisuuza gauni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka harufu ikaisha kabisa. Ndipo shangazi akanyunyiza chumvi juu ya doa, akakamua ndimu, akalitandaza gauni kwenye jua.

"Sasa tusugue?"

"Sasa tukae."

Wakachuchumaa. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Halafu kingo za mstari zikaanza kulegea. Rangi ya chai ikawa rangi ya asali. Shangazi akaongeza ndimu. Asali ikawa rangi ya maji ya mchele. Msichana alisahau hata kupepesa macho. Hakuna mkono uliogusa kitambaa! Ilikuwa ndimu ile ile ya jikoni, chumvi ile ile ya mboga, na jua lile lile lililomchoma kisogo kila siku akienda shule.

"Nyinyi mnafua au mnatazama sinema?" fundi cherehani aliuliza. Naye akaja, akachungulia, akachuchumaa kando yao.

Walipolisuuza, msichana alitafuta mahali doa lilipokuwa. Hakupaona.

"Shangazi, hii ni ajabu!"

"Ni ajabu yenye sababu," shangazi alisema. "Kila doa lina dawa yake, lakini lazima ujue limetoka wapi. Kidogo tu niivute ile sumu, kwa kuwa sikuambiwa. Anayeficha chanzo cha kosa humfanya anayelitengeneza aumie."

Gauni lilipokauka, alilikunja polepole, akilipapasa kama mtu anayeaga.

"Na hili ndilo la mwisho. Mkunga akija, nitamwambia atafute dobi mwenye macho."

Mkunga alikuwa tayari mlangoni, kikapu mkononi. Shangazi akainuka kumlaki. Fundi cherehani akampisha njia. Msichana alisimama katikati yao, na sauti aliyokuwa hajawahi kuitoa mbele ya wageni ikatoka, wazi, ikasikika uani kote:

"Shangazi, macho yako ni mazima. Gauni nililianika mimi kwenye waya. Niliona uvivu kwenda kwenye kamba, kisha nikakuacha ujilaumu."